Michembe: Akiba ya Nyumba ya Msukuma

Wako watu wa mjini wanaodhani kwamba michembe ni chakula cha shida, kinacholiwa na mtu aliyekosa unga. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si ya haki. Katika vipande hivyo vikavu vya viazi vitamu imo historia ya jinsi Wasukuma wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega walivyolinda heshima na uhuru wa nyumba zao.

Nchi hiyo, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, imelala baina ya Ziwa Victoria na Serengeti. Mvua yake huanza mnamo Novemba na kwisha mnamo Mei, lakini haina ahadi. Mwaka mmoja hufurisha Mto Simiyu, na mwaka wa pili hukatika mtama ungali mchanga. Kwa hiyo kazi ya mkulima haikuwa kupata chakula tu, bali pia kukiweka. Mtama na uwele vilihifadhiwa katika vihenge. Kiazi kitamu, ambacho asili yake ni bara la Amerika, kilipofika kilileta taabu mpya, kwani kikisha kuchimbwa hakichelewi kuoza. Dawa yake ikawa jua.

Viazi vibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba, na kuanikwa juu ya majabali au mahali palipofagiliwa mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa, navyo ni vitamu hata vikitafunwa vikavu njiani. Michembe hupikwa ikachanganywa na karanga zilizotwangwa, au huliwa kwa maziwa ya mgando yaliyotoka kibuyuni. Majani ya kunde nayo hukaushwa, yakawa mboga ya kiangazi iitwayo nsansa. Aliyekula chakula hicho jioni, penye moto wa nyumbani, hawezi kukiita chakula cha shida. Lakini tusisahau kwamba utamu huo ulitoka katika mikono ya akina mama, waliomenya na kuanika tangu alfajiri huku wakilinda mbuzi wasile na mvua ya ghafla isiharibu.

Pamba ilipoenea wakati wa utawala wa Waingereza, mikono hiyo iliitwa kwingine. Pamba nayo ni nyeupe, nayo huvunwa na kuanikwa katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi. Haifai kuilaumu bure, maana fedha yake iliezeka nyumba kwa bati, ikanunua baiskeli, ikalipa ada za shule. Mwaka 1955 wakulima waliunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, akiongoza Paul Bomani, ili wasipunjwe katika mizani. Hata hivyo pamba hailiwi.

Wakoloni walilijua jambo hilo, wakaweka sheria za kumlazimisha kila mwenye nyumba kulima mihogo na viazi kuwa kinga ya njaa. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ukaongeza amri juu ya matuta na mifugo. Watu waliozoea kujiwekea akiba bila kusukumwa wakachukia kuamrishwa katika mashamba yao wenyewe, na chuki hiyo iliingia katika siasa. Chama cha TANU kilipigwa marufuku Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958, lakini hakikufa katika mioyo ya watu.

Baada ya Uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza kujitegemea kuwa siasa ya taifa. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ukatupa mtihani, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wakati huo huo operesheni ya vijiji iliwahamisha wengi kutoka katika kaya zao za zamani, mbali na mashamba waliyoyazoea. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilipita vijijini kwa redio na vikundi vya kujisomea, ikifundisha umuhimu wa chakula bora. Bibi wa Kisukuma aliyekuwa na michembe na nsansa ndani ya nyumba hakuwa mgeni wa somo hilo.

Faida kubwa ya akiba si kushiba peke yake. Mwenye akiba ana uwezo wa kukataa. Njaa ikiingia, hamtoi ng'ombe wake kwa bei ya kutupa, wala haweki rehani pamba iliyo bado shambani. Siku hizi malori hufika wakati wa mavuno, na nyumba nyingi huuza chakula chote kwa sababu fedha inahitajika upesi. Miezi michache baadaye nyumba hizo hizo hununua unga kwa bei iliyopanda. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza mpaka kihenge kibaki na vumbi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Huko Bariadi msemo huo si fumbo. Vijana wetu na waende shule, walime pamba na kufanya biashara, lakini wajifunze pia kuanika, wavulana kwa wasichana, ili mgeni akibisha hodi mwezi wa Januari, kabla ya mavuno, asikute nyumba inayoona haya kumkaribisha.