Kasa Chunguni: Historia ya Kitoweo, Biashara na Mauti katika Pwani Yetu

Mwanzoni mwa mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Siku chache baadaye watoto 8 na mtu mzima mmoja walikuwa wamekwisha kuzikwa, na watu wengine 78 walikuwa wamelazwa. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba 2021, kisiwani Pemba vilevile, watu 7 walipoteza maisha kwa nyama hiyohiyo, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka mitatu.

Habari za Panza zilipofika darasani kwangu, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa mshangao: "Dokta, hivi watu hawa hawajui kwamba kasa haliwi?" Wenzake waliitikia kwa vichwa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, kwa sababu neno lake moja, "haliwi", limebeba historia ya karibu miaka elfu mbili, na ndani ya historia hiyo limo jibu la kwa nini watoto wa Panza walikufa.

Nianze na kukiri. Mimi nimekula kasa. Nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane, katika kijiji cha wavuvi cha pwani ya kusini, nilikokuwa nikipelekwa kwa bibi wakati wa likizo. Kasa alinaswa katika jarife la mjomba wangu. Alichinjwa, akapasuliwa, na nyama yake ikagawanywa nyumba kwa nyumba katika sahani zilizofunikwa kwa kawa. Bibi aliitokosa kwanza kwa ndimu na tangawizi, kisha akaiunga kwa tui. Mafuta yake aliyaweka katika chupa kwa ajili ya kifua. Sikumbuki hofu yoyote siku ile. Ninachokumbuka ni furaha ya watu waliopata kitoweo kikubwa bila ya kukinunua.

Lakini nakumbuka jambo lingine pia. Bibi hakula ng'amba. Kasa wa kawaida, ambaye wataalamu humwita kasa wa kijani kwa sababu ya rangi ya mafuta yake, huyo alimpika. Ng'amba, mwenye mdomo kama wa kasuku na magamba yanayong'aa, alisema ni wa kuuza, si wa kula. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba ndivyo alivyoambiwa na mama yake. Nilidhani ni mwiko tu wa wazee. Ilinichukua miaka mingi ya kusoma kutambua kwamba katika sentensi ile fupi bibi alikuwa amenisimulia mambo mawili: historia ya biashara na historia ya sumu.

Tuanze na biashara. Katika karne ya kwanza Baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa Misri aliandika mwongozo wa safari za baharini unaojulikana kama Periplus. Ndani yake anaitaja Rhapta, mji ambao wanazuoni wengi hukisia kwamba ulikuwa kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho huenda ni Pemba, Unguja au Mafia. Katika bidhaa zilizotoka huku anataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, ambayo ubora wake anauweka nyuma ya yale ya India tu. Anaeleza pia kwamba watu wa Menouthias walikuwa na mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, waliyoitumia kuvua samaki na kasa, na kwamba walitega matenga kwenye milango ya maji ili kuwanasa. Kwa maneno mengine, pwani yetu inapoingia katika maandishi ya dunia, inaingia ikiwa na kasa mkononi.

Akiolojia nayo inatoa ushahidi. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton na wenzake walichimba kuanzia mwaka 1980, mifupa ya kasa imepatikana pamoja na mabaki ya vyakula vya wakazi wa mwanzo wa mji huo. Kasa alikuwa chakula kabla ya kuwapo kwa serikali yoyote tunayoijua leo katika pwani hii.

Ustadi wa kumvua ulikuwa mkubwa. Mwaka 1884 Mwingereza Frederic Holmwood, aliyekuwa akitumikia ubalozi wa nchi yake Unguja, alichapisha taarifa juu ya wavuvi wa pwani hii waliomtumia chazo kumkamata kasa. Chazo ni yule samaki mwenye kibandiko kichwani, anayejinatisha kwenye papa, kasa na hata mashua. Mvuvi humfunga chazo kamba mkiani na kumtunza ndani ya maji. Kasa akionekana, chazo hurushwa baharini, huogelea na kumnata kasa gambani, na mvuvi huivuta kamba kwa uangalifu, akiilegeza na kuikaza, mpaka kasa achoke. Wazungu waliosoma taarifa hiyo waliiona ni ajabu. Kwa wavuvi wetu ilikuwa kazi iliyorithiwa, yenye masharti na adabu zake.

Sasa tuulize: nyama ilikwenda wapi, na gamba lilikwenda wapi? Hapa ndipo ilipo siasa ya jambo hili. Gamba la ng'amba lilisafiri. Lilipita katika forodha za Unguja likaenda India, Ulaya na Asia ya Mashariki, likawa vitana, visanduku vya vito na fremu za miwani za watu wenye nafasi. Nyama haikusafiri, ilibaki kwa wavuvi. Thamani ilikwenda kwa mbali, na kilichobaki kikawa chakula cha walio karibu. Kauli ya bibi kwamba ng'amba ni wa kuuza ilikuwa muhtasari sahihi wa mfumo huo wa uchumi.

Wala tusidhani kwamba kula kasa kulikuwa ni tabia ya maskini peke yao. Katika karne ya 18 na ya 19, supu ya kasa ilikuwa fahari ya karamu za London. Kasa wa kijani walisafirishwa wakiwa hai kutoka visiwa vya Karibi na kisiwa cha Ascension, wakiwa wamelazwa chali juu ya sitaha. Waliokosa uwezo wa kumnunua walipika supu ya kichwa cha ndama na kuiita supu ya kasa ya kuigiza. Hata katika bahari yetu, kasa wa kisiwa cha Aldabra, katika Shelisheli, walichinjwa kwa wingi kwa ajili ya soko la nje mpaka idadi yao ikaporomoka. Kwa hiyo anayesema kwamba kasa wa Bahari ya Hindi walipungua kwa sababu ya sufuria za wanakijiji wetu peke yake, anasema nusu ya ukweli.

Nusu ya pili nayo lazima isemwe, hasa kwenu wanaharakati ambao hupenda nusu ya kwanza. Kasa wa kijani huchukua miongo kadhaa kabla ya kuweza kutaga. Jike moja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, lakini wachache sana kati ya wanaoanguliwa hufikia utu uzima. Kumuua jike mmoja anayepanda ufukweni ni kuua kazi ya bahari ya miaka mingi. Bahari haimuulizi mtu kama ni tajiri au fukara. Ndiyo maana siungi mkono hoja kwamba kwa kuwa wengine walimaliza wao, basi nasi tuachiwe tumalize wetu.

Dunia ilichelewa kulitambua hilo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini ulitiwa saini mwaka 1973, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa magamba ya ng'amba, iliendelea kuyaingiza hadi mwisho wa mwaka 1992. Leo Tanzania Bara ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2010. Katika pande zote mbili kuvua, kuuza na kula kasa ni kosa. Na ulinzi unaleta matunda: Aldabra, ambako kasa wamelindwa tangu mwaka 1968, idadi ya majike wanaopanda kutaga imeongezeka mara kadhaa.

Hapa ndipo narudi kwenye neno "haliwi". Kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa na maana ya mila: kasa fulani haliwi kwa sababu wazee wamesema. Kisha likawa na maana ya dini, na wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana juu ya mnyama anayeishi majini na nchi kavu, wengine wakimkataza, wengine wakimruhusu kwa sharti la kuchinjwa. Kisha likapata maana ya sheria: haliwi, ukimla utashitakiwa. Maana ya nne, ambayo ndiyo iliyohitajika Panza, haikupata msemaji mwenye sauti: haliwi kwa sababu anaweza kuua.

Sayansi ya sumu hii yafaa ijulikane na kila mtumishi wa umma wa pwani. Baadhi ya kasa hubeba katika nyama zao sumu ambayo wataalamu hudhani inatokana na mimea na viumbe vidogo wanavyovila baharini. Kasa mwenye sumu hana dalili yoyote. Huogelea na kuonekana mzima kabisa. Sumu haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kutia ndimu. Mlaji anaweza kuanza kuumwa baada ya saa chache au siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, kuungua mdomo na koo, vidonda vya ulimi, kisha usingizi mzito na kupoteza fahamu. Dawa mahususi ya kuiondoa haipo. Watoto ndio huathirika zaidi, na imethibitika kwamba mama aliyekula anaweza kumpitishia sumu mtoto anayenyonya. Ng'amba ndiye anayetajwa zaidi katika matukio haya duniani, lakini hata kasa wa kijani amewahi kuua. Mwiko wa bibi yangu ulikuwa na hekima, ila haukutosha. Alipoifunika ile sahani yangu kwa kawa, hakuwa na njia ya kujua kilichomo. Nilinusurika kwa bahati.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na wengi waliutumia msemo huo kuwaeleza watu wa Panza. Mimi naona haueleza jambo lote. Kasa mkubwa hawezi kuliwa na nyumba moja, na nyumba nyingi za visiwani hazina jokofu. Kwa hiyo nyama hugawanywa siku hiyohiyo: kwa jirani, kwa mjane, kwa wazee, kwa watoto wa ndugu. Ukarimu uleule unaotufanya tuwe jamii ndio unaoifikisha sumu katika nyumba nyingi kwa jioni moja. Anayewaita watu hao walafi au wajinga hajawahi kupokea sahani iliyofunikwa kwa kawa.

Na sheria peke yake, bila ya elimu, huzaa usiri. Miaka michache iliyopita nilizungumza na mzee mmoja mvuvi, nikamuuliza angefanya nini iwapo watu wa nyumbani kwake wangeugua baada ya kula kasa. Alinitazama, akasema: "Mwanangu, kwanza ningetafuta pa kulizika gamba." Jibu hilo limenikosesha usingizi. Mtu ambaye mtoto wake anatapika anaanza kwa kuficha ushahidi, kwa sababu katika maisha yake yote dola imemfikia katika jambo hili kwa sura moja tu, ya mkamataji.

Napendekeza mambo matatu, na hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, ujumbe wa sumu utangulie ujumbe wa adhabu: katika kliniki za mama na mtoto, shuleni, misikitini siku ya Ijumaa, na kwenye kamati za uvuvi za ufukweni. Pili, ijulikane wazi kwamba mgonjwa anayesema hospitalini kuwa amekula kasa hatatiwa mbaroni kwa kusema hivyo. Daktari anahitaji ukweli mapema kuliko polisi anavyohitaji kesi. Tatu, kasa aliye hai awe na faida kwa anayemwona kwanza. Mafia, tangu mwaka 2001, wanakijiji wamekuwa wakilipwa kifuta jasho kwa kutoa taarifa za viota na kwa mayai yanayoanguliwa salama. Fedha hiyo si nyingi, lakini imemgeuza mvuvi kuwa mlinzi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Watu wa Panza walijua kwamba kasa haliwi kwa amri. Hatukuhakikisha kwamba kila mama anajua kasa haliwi kwa sababu hakuna mpishi awezaye kuitoa sumu yake chunguni. Kati ya mwaka 2021 na 2024 tulikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kuwaambia. Swali lako la darasani lilistahili kuelekezwa kwetu sisi tuliosoma, kabla ya kuelekezwa kwao.