Fahamu Lewiston: Mji mdogo wa Marekani uliobadilika sura ndani ya miaka 20

Ukisikia jina la Lewiston, huenda likakukumbusha ndondi. Ni katika mji huu, tarehe 25 Mei 1965, ambapo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza tu na kutetea ubingwa wake wa uzito wa juu.

Siku hiyo Ali alikuwa mtu mweusi na Mwislamu katika mji ambao karibu wote walikuwa Wazungu, wengi wao Wakatoliki. Leo ukitembea mtaa wa Lisbon katikati ya mji huohuo utakuta maduka ya Wasomali, sambusa, nyama halali na msikiti.

Mabadiliko hayo yalitokea vipi?

Lewiston iko wapi?

Lewiston ipo jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Imekaa kandokando ya mto Androscoggin, na ng'ambo ya mto kuna mji pacha wake, Auburn. Wakazi wake ni zaidi ya 37,000 kwa sensa ya 2020.

Maine ni moja ya majimbo yenye Wazungu wengi zaidi Marekani. Baridi yake si ya mchezo, theluji inaweza kukaa chini miezi kadhaa.

Wageni wa kwanza walikuwa Wafaransa wa Kanada

Karne ya 19 maporomoko ya mto yaliendesha viwanda vikubwa vya nguo. Kinachojulikana zaidi ni kiwanda cha Bates, kilichoanza miaka ya 1850. Viwanda vilitaka vibarua, na vibarua wakaja kwa treni kutoka Quebec, Kanada. Hawa walikuwa wakulima maskini, Wakatoliki, wanaozungumza Kifaransa.

Walikaa mtaa ulioitwa Kanada Ndogo, familia nyingi zikibanana kwenye nyumba za mbao za ghorofa. Walijenga makanisa yao, shule zao na hata gazeti lao la Kifaransa.

Nao hawakupokelewa kwa maua. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu katika shule za serikali, kwa hiyo mtoto aliyesema Kifaransa darasani alijikuta matatani. Miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilipata maelfu ya wanachama Maine, na adui wao mkubwa huko hakuwa mtu mweusi, maana weusi walikuwa wachache sana. Adui alikuwa Mkatoliki wa Kifaransa.

Viwanda vyafungwa, vijana waondoka

Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ya nguo ilihamia majimbo ya kusini, kisha nje ya nchi. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1970 Lewiston ilikuwa na watu karibu 42,000. Kufikia 2000 walibaki 35,690, na karibu 96 kati ya kila 100 walikuwa Wazungu.

Nyumba zilibaki tupu, maduka ya mtaa wa Lisbon yakafungwa, vijana wakaenda kutafuta maisha kwingine. Mji ulikuwa unazeeka.

Wasomali wafika 2001

Mwanzoni mwa 2001 familia za kwanza za Kisomali zikaingia. Serikali haikuwapeleka huko. Walikuwa wakimbizi waliokwisha kupokelewa Marekani na kuwekwa miji mikubwa, hasa eneo la Atlanta, jimbo la Georgia. Huko walichoshwa na uhalifu, kodi kubwa ya nyumba, na hofu kuhusu malezi ya watoto.

Wazee wakatuma watu kuangalia miji mingine. Lewiston ikapita mtihani: nyumba zipo, kodi ni nafuu, shule ni nzuri, mitaa ni salama. Habari zikasambaa kwa simu kama kawaida ya Wasomali, na ndani ya mwaka mmoja na nusu zaidi ya watu 1,000 wakawa wamefika.

Kwa mji mkubwa, watu 1,000 ni tone la maji baharini. Kwa Lewiston yalikuwa mafuriko.

Barua ya meya iliyozua balaa

Uvumi ukaanza. Eti Wasomali wanapewa magari bure, eti wanaruka foleni ya nyumba za serikali. Hayakuwa kweli. Lakini mzigo wa gharama ulikuwepo kweli: Maine ina msaada wa wasiojiweza unaotolewa kupitia halmashauri za miji, na shule zilihitaji haraka walimu wa Kiingereza kwa wageni.

Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, akawaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi. Aliwataka wawaambie ndugu zao wapunguze kasi ya kuja, kwa maelezo kwamba mji umeelemewa kifedha na kihisia.

Wazee walijibu kwamba barua ile iliwaumiza na ingeweza kuwachochea wabaguzi. Haikuchukua muda. Kundi moja la wanaoamini ubora wa Wazungu likatangaza kwamba litakuja Lewiston kufanya mkutano.

Siku ilikuwa 11 Januari 2003. Kwenye mkutano wa wabaguzi walijitokeza watu wapatao 30 tu. Kiongozi wao hakufika, alikuwa amekamatwa Chicago siku chache kabla. Upande wa pili wa mji, katika chuo cha Bates, walikusanyika watu zaidi ya 4,000 kuwaunga mkono Wasomali, wengi wao Wazungu wa palepale Maine.

Hiyo haikumaliza ubaguzi. Mwaka 2006 mwanamume mmoja alirusha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti watu wakiwa kwenye swala. Na 2012 meya mwingine, Robert Macdonald, alizua hasira aliposema wahamiaji wapokee utamaduni wa wenyeji na kuacha wao mlangoni.

Wabantu wa Somalia na damu ya Tanga

Hapa ndipo Lewiston inapogusa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Si kila Msomali wa Lewiston ni wa kabila moja. Wapo wanaoitwa Wabantu wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa Somalia kulima. Miongoni mwao wamo Wazigua wa upande wa Tanga, na mpaka leo wapo wanaosema Kizigua.

Waliishi kando ya mto Juba, wakidharauliwa na koo nyingine. Vita vilipolipuka 1991 waliporwa na kuuawa bila ukoo wa kuwalinda. Walionusurika walikimbilia Kenya, wakakaa kambi ya Dadaab, na baadaye wengi wakahamishiwa Kakuma kusubiri safari. Baadhi yao walijifunza Kiswahili hukohuko kambini.

Marekani ilikubali kupokea Wabantu wapatao 12,000, na wengi walianza kuwasili kuanzia 2003. Muda si mrefu baadhi wakahamia Lewiston wenyewe.

Kuna kisa kimoja cha kushangaza. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman alikaa katika kijiji kimoja cha bonde la Juba mwaka 1987 na 1988. Vita vikakata mawasiliano. Karibu miaka 20 baadaye, akiwa anafundisha chuo huko Maine, akakutana na watu wa kijiji kilekile wakiishi Lewiston, mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa gari kutoka chuoni kwake. Mwaka 2016 alitoa kitabu kuhusu safari yao.

Wabantu hawakuacha jembe. Kupitia chama chao wanalima mahindi, maharage na mboga karibu na Lewiston, na mahindi yanasagwa unga.

Mpira waunganisha

Mabadiliko yalionekana wazi zaidi uwanjani. Timu ya soka ya wavulana ya sekondari ya Lewiston haikuwahi kuchukua ubingwa wa jimbo. Kocha Mike McGraw, Mzungu wa hukohuko Maine, akawapokea vijana waliojifunza kucheza kwenye vumbi la kambi za Kenya.

Novemba 2015 waliifunga Scarborough 1-0 kwenye fainali. Mji mzima ukasherehekea, wakiwemo waliokuwa wakinung'unika. Walichukua tena kombe 2017 na 2018.

Siasa nayo ikafuata. Mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyezaliwa Somalia, alichaguliwa kuwa diwani akiwa na miaka 23, Msomali wa kwanza katika baraza la mji huo. Wakati wa kampeni alishambuliwa kwa matusi mtandaoni, lakini kura zikatosha.

Takwimu zinasemaje?

Sensa ya 2010 ilionyesha Wazungu wameshuka hadi karibu 87 kati ya 100, huku watu weusi wakipanda kutoka takriban 1 hadi karibu 9. Jumla ya wakazi, iliyokuwa ikishuka kwa miaka 30, ikaanza kupanda tena.

Maduka yaliyokuwa yamefungwa mtaa wa Lisbon yamefunguliwa, na shule zina watoto. Lakini umaskini bado upo, hasa mitaa ya katikati ambako wageni wengi wanaishi nyumba zilezile kuukuu walizokaa Wafaransa wa viwandani. Baadhi ya nyumba hizo zina rangi za zamani zenye risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto wadogo.

Na wageni hawajaisha. Miaka ya karibuni wameongezeka waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola. Baadhi yao wanazungumza Kifaransa, lugha ileile ambayo babu wa mwenyeji wa Lewiston alikatazwa kuisema darasani.