Chembe, Seli na Mwarobaini

Mfasiri aliyepewa habari kwamba "chembe zaua chembe" ana haki ya kuuliza: ni zipi zinazoua, na ni zipi zinazouawa? Katika elimu ya viumbe, "chembe hai" limetumika kwa maana ya seli; katika fizikia, chembe ni kipande kidogo mno cha kitu chochote. Utata huu wafaa kuondolewa, hasa panapozungumzwa habari za saratani.

Kitu chenyewe kilitangulia jina lake. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza mjini London jinsi dhahabu iliyogawanyika vipande vidogo mno inavyoyapa maji rangi nyekundu. Mwaka 1960 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulikubali kiambishi "nano", kilichotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kibete, kitaje sehemu moja ya bilioni. Mwaka 1974 Norio Taniguchi wa Japani akatumia neno nanoteknolojia. Kwa kawaida, chembe nano ina upana wa nanometa 1 hadi 100.

Mimea iliingia baadaye. Mwaka 2002 Jorge Gardea-Torresdey na wenzake, huko Marekani, walionyesha chembe nano za dhahabu zikijijenga ndani ya mimea hai ya alfalfa. Mwaka 2004 wataalamu wa Pune, Uhindi, walieleza jinsi walivyopata chembe za dhahabu na za fedha kwa kutumia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Kemikali za majani huzipa ayoni za metali elektroni, nazo zikawa atomu. Atomu hukusanyika kuwa chembe, na kemikali nyingine huzizingira zisigandamane. Kazi hiyo twaweza kuiita "usanisi kwa mimea", kwa kuwa neno usanisi limekwisha kuzoeleka katika "usanisinuru".

Tangu hapo chembe za namna hii zimejaribiwa mara nyingi juu ya seli za saratani zilizooteshwa maabarani. Hapa ndipo penye hatari. Kuua seli katika kisahani si kumponya mtu. Hata seli nzima zaweza kudhurika. Mwandishi asemapo kwamba jambo "huenda likafaa" kwa tiba, mfasiri akaandika "latibu", amebadili zaidi ya kitenzi: mgonjwa aweza kuiacha hospitali akafuata majani.

Kwa hiyo yapendekezwa "seli" itumike kwa kilicho hai, na "chembe nano" kwa metali. Aidha, neno "tiba" lisiandikwe pasipo "inayochunguzwa" mpaka majaribio kwa binadamu yathibitishe. Jina mwarobaini hunasibishwa na magonjwa arobaini. Si kazi ya mfasiri kuongeza la arobaini na moja.