Watoto Waliovuka Songwe: Jina la Mtoto na Jeraha Lake

Tunapozungumzia wakimbizi nchini Tanzania, fikra zetu huelekea Kigoma, kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta. Ni nadra Kyela kutajwa. Hata hivyo, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umepitiwa na watoto waliong'olewa makwao kwa zaidi ya karne moja. Historia yao inatufunza kwamba huduma kwa mtoto wa namna hii hufuata jina alilopewa na wakubwa, huku jeraha lake likisahauliwa.

Tuanze na mwaka 1887. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyejenga ngome karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde. Wengi waliuawa Kambwe, kando ya ziwa, wengine walitekwa. Miongoni mwa walionusurika, wapo waliokimbilia kaskazini, ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wanyakyusa, jamaa zao wa lugha na mila. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian waliweka kituo Rungwe. Mmoja wa wamisionari wa kanisa hilo, Elise Kootz-Kretschmer, alikusanya simulizi za watu wa ukanda huu waliopitia utekwaji na utumwa, ambazo mwanahistoria Marcia Wright alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 1993. Simulizi hizo zinaonesha kuwa aliyepokonywa kwao alitafuta kwanza mtu wa kumwita ndugu. Chakula na paa vilikuja pamoja na ukoo.

Katika koloni hilohilo la Wajerumani, kwenye milima ya Usambara, kituo cha Lutindi kilianzishwa mwaka 1896 kuwatunza watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa fikra za zama zile: mtoto wa vita alistahili shule na sala, mgonjwa wa akili alistahili kutengwa, na kila mmoja alikuwa na zamu yake katika majengo yaleyale. Waingereza nao walijenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Tukarithi dhana kwamba tiba ya akili hupatikana mbali, katika taasisi kubwa, na kwa yule aliyekwisha kushindikana nyumbani.

Wanyakyusa wenyewe walikuwa na hazina nyingine. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1930, alieleza uzito wa neno ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza nao. Tusiipambe jamii hiyo kupita kiasi. Tuhuma za uchawi ziliwafukuza watu vijijini mwao. Lakini ilitambua kwamba upweke ni hatari.

Kyela ya leo ni njia. Familia kutoka Kongo na Burundi hupita kuelekea kambi ya Dzaleka, Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994. Vijana wa Ethiopia hupita kuelekea Afrika Kusini, na miongoni mwao wamo walio chini ya miaka 18. Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walizama katika ziwa hili upande wa Malawi. Mwezi huohuo miili ya wengine zaidi ya 40 ilikutwa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Kijana wa miaka 15 aliyenusurika safari ya aina hiyo, akikamatwa, huitwa mhamiaji haramu. Jina hilo linaweza kumfikisha mahakamani na gerezani kabla hajamwona mtabibu. Mwenzake mwenye kadi ya ukimbizi walau ana kambi ambamo mashirika humtafuta.

Sheria zetu hazikatai kumhudumia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto, na inautaja ukimbizi waziwazi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaka nchi imsaidie mtoto aliyeathiriwa na vita au ukatili apone mwili na akili.

Wapo watakaouliza: kwa nini tumhudumie mgeni wakati mtoto wa Kyela hana mtaalamu? Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo ndani yake. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango wa kuwafundisha watoa huduma wasio mabingwa kutambua na kutibu maradhi ya akili. Muuguzi wa Ipinda au Matema akifundishwa hivyo, atamfaa pia mtoto wa mvuvi aliyempoteza baba ziwani. Afisa ustawi wa jamii akiwapo Kasumulu sambamba na maofisa wa uhamiaji, mtoto ataulizwa habari zake kabla ya kuulizwa hati zake. Mtoto wa Kivu anazungumza Kiswahili, hivyo hata gharama ya mkalimani haipo. Wa Ethiopia atahitaji mkalimani, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumweka mahabusu.

Mwaka 1887 waliovuka Songwe hawakuwa na karatasi yoyote, na waliishi kwa sababu walipata watu wa kuwapokea. Dola yenye sheria, zahanati na watumishi wa umma haina sababu ya kumpa mtoto pungufu ya hapo.