Jirani Mbele ya Baraza la Leseni

Leo tumefungua kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Hapo twawakuta mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile urithi wake ungewapita. Dada hawa hawakukaa hemani kulalamika. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na kuhani Eleazari, na wakuu, na mkutano wote, wakaeleza habari yao. Tena walijua wataulizwa nini. Kabla mtu hajafungua kinywa, walisema kwamba baba yao hakuwamo katika kundi la Kora lililomwasi Mungu. Musa akalipeleka neno lao mbele za Bwana, na sheria ya urithi katika Israeli ikabadilika.

Tumeanza hapo kwa sababu ya swali tunaloulizwa mara nyingi baada ya ibada. Baa imefunguliwa kando ya nyumba za watu, au kando ya shule. Muziki unapigwa hata alfajiri, wasichana wanaogopa kupita jioni. Je, Wakristo wafanye nini? Wengi huongeza kwamba wanaomba. Ni vema, tuzidi kuomba. Lakini jirani anayo haki katika sheria, na haki hiyo ina historia ndefu ambayo makanisani mwetu haijulikani sana.

Sheria zetu za vileo zilikuja na Waingereza, basi yatupasa kuanzia kwao. Mwaka 1552, siku za Mfalme Edward VI ambaye alikuwa kijana bado, Bunge la Uingereza liliamuru kwamba mtu asiuze pombe nyumbani mwake bila ruhusa ya mahakimu wawili wa wilaya, na kwamba aweke wadhamini kuwa atatunza utulivu. (Ndio mwaka ule ule kilipotoka Kitabu cha Sala cha pili cha Askofu Mkuu Cranmer. Sisi Waanglikana twaukumbuka kwa sala. Wenye vilabu wana sababu yao ya kuukumbuka.) Mahakimu wale walikuwa watu wa pale pale, hawakulipwa mshahara, na waliijua njia, na mto, na tabia ya kila mwenye kilabu. Jirani aliyeudhika alijua aende kwa nani.

Hata mwaka 1830 mlango huo ulifungwa. Serikali ya Duke wa Wellington ilitaka watu waache jini, ile pombe kali, wanywe bia, tena ilitaka kuvunja nguvu za wapikaji wakubwa wa bia. Basi ikatunga sheria kwamba mwenye nyumba anayelipa kodi ya mtaa aweza kwenda kwa watoza ushuru, kulipa pauni 2 na shilingi 2, na kuuza bia nyumbani kwake, bila kuwauliza mahakimu lolote. Nyumba za bia zikachipuka elfu kwa elfu. Mtoza ushuru alikuwa na swali moja tu, nalo lilihusu fedha. Jirani akabaki hana wa kumwendea, mpaka mwaka 1869 Bunge lilipozirudisha nyumba hizo mikononi mwa mahakimu. Ilikuwa miaka 39.

Sasa tusimame kidogo katika bonde moja liitwalo Kentmere, nchi ya wachungaji wa kondoo katika milima ya Westmorland, kaskazini mwa Uingereza. Hapo palikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Low Bridge Inn, mali ya Susannah Sharpe. Mwaka 1887, leseni ilipokuja kufanywa upya, mahakimu walikataa. Walitaja mambo mawili: nyumba ile ilikuwa mbali na macho ya polisi, na hali na mahitaji ya wakazi wa mahali pale hayakuonyesha kwamba inatakiwa. Mwenye nyumba alikata rufani. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyekwisha kupewa leseni hawezi kunyimwa mwaka unaofuata ila kwa kosa fulani. Alishindwa, akapanda tena, akashindwa tena, mpaka shauri likafika mbele ya mabwana wa House of Lords, nao wakaamua mwaka 1891. Walisema kwamba leseni ni ya mwaka mmoja, na inapoombwa upya mahakimu wana uwezo wa kulitazama jambo lote upya. Lakini waliongeza neno ambalo sisi watu wa kanisa twapaswa kulisikia: uwezo huo utumike kwa kufuata akili na haki, wala si kwa kupenda au kuchukia kwake hakimu.

Hapo ndipo pingamizi nyingi za Wakristo huanguka. Twasimama mbele ya wakubwa na kusema, pombe ni dhambi. Sisi wenyewe hatunywi, na tumewazika wengi waliouawa na kileo. Lakini serikali imekubali kwamba vileo viuzwe kwa leseni, na baraza halikuitwa kuamua kama pombe ni dhambi. Linataka kujua habari za nyumba ile moja, mahali pale pamoja.

Waingereza waliongeza jambo jingine mwaka 1904: mwenye nyumba aliyenyimwa leseni bila kosa lake alipwe fidia, na fedha zitoke kwa wauzaji wa pombe wenyewe. Twaona ilikuwa haki. Mabadiliko mengine yalifuata, na tangu Novemba 2005 leseni huko hutolewa na mabaraza ya miji na wilaya.

Kwetu Kenya sheria hiyo ilipokuja na ukoloni haikuwa moja kwa watu wote. Mzungu alikuwa na baa na hoteli zake. Mwafrika wa Nairobi alielekezwa kwenye kilabu cha manispaa huko Pumwani, kilichofunguliwa miaka ya 1920, na faida yake ikaingia katika mfuko wa manispaa. Aliyetoa ruhusa ndiye aliyeuza pombe. Mkazi wa Pumwani angepeleka pingamizi wapi?

Baada ya Uhuru tulikuwa na Sheria ya Leseni za Vileo, Sura ya 121, na mahakama zake za leseni. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikazidi kupikwa kando ya mito gizani. Mwaka 2010 sheria mpya ilifuta zote mbili, ikaihalalisha chang'aa chini ya masharti, na Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti kazi ya kutoa leseni. Kaunti nyingi zimetunga sheria zao tangu hapo, nazo hazifanani kwa kila kitu, kwa hiyo msikilizaji aulize ya kwao. Lakini tazameni yaliyomo katika sheria ile ya 2010. Baraza lisitoe leseni mpya ya baa ila limeridhika kwamba baa zilizopo hazitoshi mahitaji ya mahali hapo. Je, hamsikii sauti ya Kentmere? Tena baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule za watoto. Leseni ni ya mwaka mmoja. Na anayepinga aandike kwa katibu wa baraza, na mwombaji leseni naye apewe taarifa yenye sababu za pingamizi angalau siku 7 kabla ya kusikizwa. Na kuthibitisha kwamba alipewa ni juu yake anayepinga.

Mstari huo wa mwisho ulituangusha sisi. Mahali tulipokuwa tukitumika, baa ilifunguliwa karibu na shule yetu ya chekechea. Tulihubiri juu yake, tukafunga siku tatu, na siku ya baraza tukaenda na akina mama na kwaya, tumevaa sare. Katibu alituuliza kwa upole, barua yenu iko wapi? Hatukuwa na barua. Mwombaji amepewa taarifa? Tulidhani muziki wetu nje ya mlango ulimtosha kuwa taarifa. Leseni ilitolewa, tena fomu yake ilisema hakuna shule karibu, na hakuna aliyeandika neno la kuipinga. Tulirudi nyumbani tumekasirika, na mzee mmoja wa kanisa akatuambia wazi kwamba tuliyemkasirikia siye.

Mwaka uliofuata tulikwenda namna nyingine. Mama mmoja aishiye ng'ambo ya barabara alinunua daftari la shule akaandika kila usiku: tarehe, saa muziki ulipozimwa, nani alipigwa, gari gani lilifunga njia. Hakuandika asilolishuhudia, na usiku uliokuwa shwari aliandika shwari. Mwalimu mkuu alipima njia kwa utepe, kutoka lango la shule mpaka mlango wa baa, akapata mita 140. Tulisoma tangazo la waombaji likiwa bado jipya ubaoni. Barua ya pili tuliipeleka wenyewe kwa mwenye baa, mkononi, pamoja na shahidi, naye akatia sahihi katika kitabu chetu. Alitukaribisha soda. Tuliinywa.

Siku ya baraza alisimama akajieleza vizuri. Alisema ameajiri watu 11, na kwamba watatu kati yao ni wa kanisa letu. Ilikuwa kweli, nasi hatukuwa tumejiandaa kwa neno hilo kama dada wale watano walivyojiandaa juu ya Kora. Daftari lilisomwa. Utepe ulipimwa tena mbele ya ofisa wa afya. Leseni haikufanywa upya, na mwenye baa akahamia sokoni, mbali na shule.

Wale watatu walibaki. Jumapili iliyofuata walikuja ibadani, wakakaa benchi la nyuma. Mmoja sasa anawapikia watoto uji pale shuleni. Wengine wawili walituuliza mlangoni tuna kazi gani ya kuwapa, nasi mpaka leo hatujawajibu.