Gazeti Lililojitolea Ushahidi

Ada ya watu ni kumsifu mzee kwa wingi wa miaka yake. Lakini umri peke yake si sifa. Hata jiwe lina umri. La kuuliza ni hili: miaka hiyo ilipitishwa katika nini, na mwenyewe anasemaje juu ya aliyoyatenda?

Kwa kipimo hicho yafaa tulitazame gazeti la Hartford Courant, la mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambalo mwaka 2014 lilitimiza miaka 250. Lilianzishwa na mpiga chapa Thomas Green tarehe 29 Oktoba 1764, likitoka mara moja kwa wiki, kabla Marekani yenyewe haijawa dola. Huhesabiwa kuwa ndilo gazeti kongwe kabisa nchini humo katika yale ambayo hayakupata kukatika.

Umri huo haukuwa wa raha. Mwaka 1777, katikati ya vita vya uhuru, mwenye gazeti Ebenezer Watson alifariki kwa ndui, na mjane wake, Hannah, akaishika kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1778 kiwanda kilichowapatia karatasi kikateketea kwa moto. Mama huyo hakukunja mikono. Alipeleka maombi kwa baraza la jimbo, nalo likaruhusu bahati nasibu ili zipatikane fedha za kukijenga upya. Gazeti likaendelea kutoka.

Khabari kama hizi ndizo zipendwazo kusimuliwa siku ya sikukuu. Walakini kurasa zile zile zilibeba na jambo jingine. Ndani yake walitangazwa watu wa kuuzwa, na watumwa waliotoroka, kwa kuelezwa maumbile yao, nguo walizovaa, na zawadi ya atakayewakamata. Matangazo hayo yalilipiwa. Basi gazeti lililopigania uhuru lilikula pia katika fedha za utumwa.

Mwezi wa Machi 2000 shirika la bima la Aetna, la mji huo huo, liliomba radhi kwa kuwa zamani liliwakatia mabwana bima ya maisha ya watumwa wao. Courant liliandika khabari za jirani yake, kisha likafunua kurasa zake lenyewe. Tarehe 4 Julai mwaka huo, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao, likayatoa yake katika ukurasa wa kwanza, na likaomba radhi. Hapakuwa na mahakama iliyolishurutisha, wala waliodhulumiwa hawakuwa hai kudai.

Wala halikuishia hapo. Waandishi wake watatu walichimba zaidi, na mwaka 2005 wakatoa kitabu kiitwacho Complicity, kinachoonyesha jinsi watu wa kaskazini mwa Marekani, waliozoea kusema kuwa utumwa ulikuwa dhambi ya watu wa kusini, walivyofaidika nao. Humo mna khabari itugusayo sisi. Katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, huko huko Connecticut, palikuwa na viwanda vya kutengeneza vibao vya piano kwa pembe za ndovu. Pembe hizo nyingi zilitoka Unguja, baada ya kuchukuliwa mabegani kutoka bara, na wengi wa waliozibeba walikuwa watumwa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mazingatio. Misafara ile haikuongozwa na watu wa Hartford. Iliongozwa na wafanya biashara wa pwani yetu, na nyumba nyingine zilijengwa kwa mapato yake. Wenzetu wamefungua makabati yao mpaka wakatufikia. Sisi yetu tumeyafungua? Au tunahadithia milango ya nakshi tu, tusimtaje aliyebeba mzigo?

Mwaka 2020 kazi ya kulichapa Courant ilihamishwa nje ya Hartford, na mwezi wa Disemba ofisi yake mjini ikafungwa, ingawa gazeti lingali likitoka. Majengo na mitambo huondoka. Kilichoandikwa hubaki, cha kheri na cha shari, kikimngojea mwenye insafu akisome kwa sauti hata kikiwa juu ya nafsi yake. Mzee wa namna hiyo ndiye anayestahiki kuheshimiwa.