Roki ya Zambia na Kumbukumbu za Wapenzi Wake

Wapenzi wa nyimbo za zamani wanapokutana hawachelewi kubishana. Huyu atashikilia kwamba wimbo fulani haujapata mfano wake. Yule atamjibu kwamba wimbo huo si kitu mbele ya mwingine uliotangulia. Wa tatu atakumbuka ukumbi ulimopigwa, na nani aliyeshika gitaa usiku ule. Mazungumzo ya namna hii aghalabu huhesabiwa kuwa ni porojo za kupitishia wakati, na wanahistoria huyapita kando wakielekea kwenye nyaraka. Lakini yawaje pale ambapo nyaraka ni chache, nazo santuri zimevunjika? Makala hii yataka kuonyesha, kwa mfano wa muziki wa roki wa jirani zetu wa Zambia, kwamba mabishano ya wapenzi yaweza kuwa ghala la historia, na kwamba ghala hilo lisipofunguliwa mapema huliwa na mchwa.

Kwanza yafaa tutazame mahali muziki huu ulipozaliwa. Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, ikiwa nchi iliyotegemea shaba kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mauzo yake ya nje. Miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Luanshya, Mufulira na Chingola, ilikuwa imewavuta watu wa makabila mengi kuja kutafuta kazi, na katika makazi ya wafanyakazi palikuwa na kumbi za starehe, mishahara ya kila mwezi, na vijana wenye hamu ya mambo mapya. Sikio la watu hao lilikuwa limekwisha kufunzwa na redio. Tangu mwaka 1949 kituo cha utangazaji cha Lusaka kiliwahimiza Waafrika kununua redio ndogo ya betri iliyouzwa kwa pauni 5, nayo ikaitwa Saucepan Special kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria. Humo watu walimsikia Alick Nkhata, mtangazaji na mwimbaji aliyepata kuzunguka na Hugh Tracey katika kazi ya kurekodi nyimbo za asili, na ambaye aliuawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia. Humo pia walisikia rumba ya Kongo, kwani Lubumbashi haiko mbali na mpaka.

Miaka ya 1960 ilipokaribia kwisha, sauti nyingine zikaingia: Rolling Stones na Deep Purple kutoka Uingereza, Jimi Hendrix na James Brown kutoka Marekani. Vijana wa Ukanda wa Shaba wakaunda bendi za kuziiga nyimbo hizo. Kuiga huko kulikuwa shule. Mwanafunzi huanza kwa kunakili mwandiko wa mwalimu wake kabla ya kupata mwandiko wake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwandiko wenyewe ukaanza kuonekana. Bendi ya WITCH, ambayo jina lake lilifasiriwa kwa herufi zake kuwa ni kusudio la kuleta vurugu, ilitoa santuri ndefu iliyoitwa Introduction, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa na bendi ya Kizambia. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, aliyekulia Kitwe, alipewa na mashabiki jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Wakafuatia Musi-O-Tunya, Amanaz, Ngozi Family, Peace, na mwimbaji Keith Mlevhu. Mtangazaji Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kuwa aliubatiza muziki huu jina la Zamrock, yaani roki ya Zambia.

Sisi walimu wa lugha hatuwezi kuyapita majina hayo bila kusimama kidogo. Musi-O-Tunya ni jina la maporomoko makubwa ya mto Zambezi, na maana yake ni moshi ungurumao. Mwanafunzi wa Kiswahili akilitazama neno la kwanza atatambua mara moja udugu wake na moshi wetu. Amanaz wanao wimbo uitwao Khala My Friend, wa kumsihi rafiki anayeondoka, na khala ya Kinyanja ndiyo kaa ya Kiswahili. Ngozi Family nao wana wimbo uitwao Nizakupanga Ngozi. Hapa kitenzi kimepangwa kama chetu, nafsi mbele, kisha wakati ujao, kisha mtendwa, ndipo mzizi ukafuata. Lakini tahadhari! Ngozi ya Kinyanja si ile inayofunika mwili: maana yake ni ajali au hatari. Ndugu wawili waweza kufanana uso wakatofautiana tabia, na mwalimu asiyeonya juu ya jambo hili huwapoteza wanafunzi wake.

Serikali nayo ilikuwa na mkono wake katika habari hii. Rais Kenneth Kaunda, aliyetawala tangu uhuru hadi mwaka 1991, alikuwa mpiga gitaa, na wimbo wa Tiyende Pamodzi, ambao kwetu ungekuwa Twende Pamoja, ulijulikana sana katika mikutano yake. Katika miaka ya 1970 aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo liliwapa wanamuziki wa nyumbani nafasi ambayo wenzao katika nchi nyingi hawakuipata. Hata hivyo haifai kudhani kwamba agizo peke yake ndilo lililozaa muziki. Vipaji vilikuwapo, mishahara ya migodini ilikuwapo, na kiu ya vijana ilikuwapo. Agizo lilifungua mlango tu, na waliokuwa nje wakaingia.

Mlango huo haukukaa wazi muda mrefu. Januari 1973 mpaka na Rhodesia ulifungwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya kwenda Benguela. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika mwaka huo huo, lakini haikuweza kuiponya bei ya shaba, ambayo baada ya kupanda sana katika mwaka 1974 ilishuka hata chini ya nusu. Nchi iliyoishi kwa shaba ikaanza kukosa fedha za kigeni. Vyombo vya muziki na malighafi za santuri vikawa adimu. Zikaja kanda za kaseti, ambazo yeyote aliweza kuzinakili bila kumlipa mtunzi senti moja, na pamoja nazo muziki wa disko. Mwisho ukaja UKIMWI, ambao katika miaka ya 1980 na 1990 uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Katika kundi la mwanzo la WITCH, Jagari ndiye aliyebaki hai. Mtu aliyepata kushangiliwa na kumbi nzima akawa mchimba vito.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha habari yetu. Muziki huu ulikaa wapi katika miaka hiyo ya giza? Ulikaa vichwani mwa wapenzi, na katika makabati ya wachache waliozitunza santuri zao. Kisha wapenzi wa aina nyingine wakatokea, watu wa Ulaya na Marekani wenye shauku ya santuri adimu, ambao hawakuwahi kukanyaga Kitwe. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa upya kazi za Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya mwaka 2010, na kazi za WITCH mwaka 2012. Jagari akapanda tena jukwaani, safari hii Ulaya na Marekani. Filamu juu ya maisha yake ikatoka mwaka 2019, na mwaka 2023 bendi yake ikatoa santuri mpya iitwayo Zango. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani, Tyler, the Creator, alichukua kipande cha Nizakupanga Ngozi akakitia katika wimbo wake Noid, na mamilioni ya vijana wakasikia Kinyanja bila kujua ni lugha gani.

Basi leo muziki huu una wapenzi wa namna mbili, na kumbukumbu zao hazilingani. Mpenzi wa kwanza ni yule aliyecheza. Kwake WITCH ni usiku mzima, kwani maonyesho yao yalianza jioni yakaendelea hata usiku wa manane, na santuri ilikuwa ukumbusho tu wa jambo kubwa zaidi. Mpenzi wa pili hakucheza, alisikiliza. Kwake santuri ndiyo jambo lenyewe, naye huichunguza kama msomi achunguzavyo muswada. Santuri ya Amanaz iitwayo Africa, ya mwaka 1975, inazo sura mbili, moja kavu na moja yenye mwangwi mwingi. Wapenzi wa siku hizi hubishana bila kuchoka ni ipi iliyo bora: wengine husema mwangwi umeipa santuri roho, na wengine husema umewafunika wapigaji kama ukungu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Paul Ngozi, aliyefariki mwaka 1989. Mpenzi wa ng'ambo akitajiwa jina hilo hukumbuka Day of Judgement ya mwaka 1976, yenye gitaa la sauti ya kukwaruza na mashairi ya Kiingereza. Mpenzi wa nyumbani hukumbuka zaidi nyimbo alizoimba baadaye kwa Kinyanja, zenye mapigo ya kalindula, juu ya ndoa, majirani na tabia za watu. Wimbo kama Bauze, maana yake waambie. Mtu ni yule yule, gitaa ni lile lile, lakini yule wa ng'ambo anamkumbuka kijana mkali, na yule wa nyumbani anamkumbuka mshauri wa jamii. Je, nani mwenye haki?

Wote wawili wanayo haki, na hakuna aliye na haki yote. Wa ng'ambo ametutunzia sauti: bila ya ukusanyaji wake, santuri nyingi zingekwisha kupotea, na si uungwana kumnyima shukrani. Mgala muue na haki umpe. Lakini sauti si wimbo wote. Santuri haiwezi kutuambia kwa nini ukumbi ulilipuka kwa kicheko baada ya ubeti fulani, wala ni nani aliyekuwa akisemwa. Zaidi ya hayo, anayechagua kitu gani kitolewe upya ndiye anayechagua kitu gani kikumbukwe. Kwa kuwa soko la ng'ambo lilipendelea gitaa kali, sehemu kubwa ya yale yaliyopendwa nyumbani ilichelewa kutazamwa. Historia ya muziki wa watu ikiandikwa kwa kufuata orodha ya mauzo ya kampuni, itakuwa historia ya wanunuzi.

Mpenzi wa nyumbani naye hawezi kuaminiwa kwa kila neno. Kumbukumbu hupenda kupamba. Ujana wa mtu huutia utamu kila wimbo uliopigwa siku alipoposa. Miaka huchanganyika, na bendi mbili huwa moja. Hilo si sababu ya kumpuuza. Ni sababu ya kumhoji kwa utaratibu: kuuliza wimbo ulisikika wapi, kwa chombo gani, pamoja na nani, na watu walifanya nini, kisha kulinganisha majibu ya watu wengi, na kuyaweka sambamba na santuri na magazeti ya wakati huo. Ubishi ukitokea, usizimwe haraka, kwa maana pale watu wanapobishana ndipo mara nyingi palipofichwa jambo. Wapenzi wawili wakitofautiana kama roki ya Zambia ilikuwa kuiga au kuumba, kwa kweli wanatujulisha jinsi kizazi cha uhuru kilivyoelewa maana ya kuwa huru: kwa mmoja, kuachana na vya wageni, kwa mwingine, kuvitwaa na kuvitumia apendavyo.

Mambo haya hayaishii Zambia. Wings of Africa, santuri ya Musi-O-Tunya ya mwaka 1975, ilirekodiwa Nairobi, na bila shaka katika kila nchi jirani wako watu wazima waliocheza nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Vijana wetu wanasoma katika shule zilizo hatua chache kutoka nyumba za wazee hao. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi wake, kila mmoja kwa mzee mmoja na wimbo mmoja, wakaandike kwa Kiswahili sanifu yale waliyoambiwa, pamoja na maneno ya lugha ya mama yaliyotumika, maana na matumizi yake. Zoezi hilo litafundisha insha, ufasiri na usikivu kwa pamoja, na daftari zitakazokusanywa zitakuwa nyaraka ambazo leo hatunazo.

Kazi hiyo haitaki fedha nyingi, ila haitaki kuahirishwa. Waliokuwa na umri wa miaka 20 wakati Amanaz walipotoa Africa sasa wamepita 70. Wageni wametuonyesha kwamba nyimbo hizi zina thamani, nasi tunawashukuru. Lakini kueleza kwa nini nyumba iliyo jirani ilizicheza hadi alfajiri ni kazi ya wenye lugha, na wenye lugha ni sisi.